Kabla Hujaanzisha Taasisi, Jiulize: Hela Ikibaki ni ya Nani?

Leo siongelei bei ya mzigo wala jinsi ya kupiga picha bidhaa. Naongelea jambo ambalo karibu kila grupu la wauzaji wa mtandaoni hufika nalo siku moja. Mnaanza kwa kubadilishana namba za wasambazaji, baadae mnachangiana misiba na wagonjwa, halafu usiku mmoja mtu anaandika, "Jamani, kwa nini na sisi tusifungue taasisi yetu?" Vidole gumba vinamwagika. Kesho yake kuna nembo, kuna jina la Kiingereza, kuna mwenyekiti. Mwezi wa tatu watu hawasalimiani.

Nimeishi hiyo hali, na mimi ndiye niliyeharibu. Ngoja nianze hapo, maana nisipoanza hapo haya mengine yataonekana maneno ya semina.

Mimi nauza nguo za watoto na vyombo vidogo vya jikoni, fremu yangu iko Buzuruga, siyo mbali na stendi. Wateja wangu wengi wako Sengerema, Geita, Bunda na Musoma, nawatumia mizigo kwa basi. Wauzaji wengi wa mtandaoni huku tunajuana kwa sababu hiyo ya stendi, asubuhi tunakutana na mifuko yetu mbele ya makondakta. Tukafungua grupu, tukawa watu 23. Mtoto wa mwenzetu mmoja akapangiwa upasuaji, tukakubaliana kila mtu elfu ishirini. Jumla 460,000. Hela ikawekwa kwangu, kwa sababu "wewe una fremu, huwezi kukimbia."

Sasa kosa liko hapa. Hela iliingia kwenye simu ile ile ninayopokelea malipo ya wateja. Jumatatu msambazaji akanipigia kwamba mzigo umefika na bei inapanda kesho. Nikaangalia salio, nikaona hela ipo. Nikachukua 300,000, nikajiambia mpaka Alhamisi nitakuwa nimeirudisha, si nauza kila siku? Jumatano saa tatu usiku mama mtoto akanipigia, daktari kasema upasuaji ni kesho asubuhi, hela ikalipwe mapema. Sikuwa nayo. Nilikopa usiku ule ule kwa hawa wa kausha damu, nikairudisha na riba kubwa mno. Mtoto alifanyiwa upasuaji, yuko salama, na hakuna mtu aliyejua. Lakini nililala na kitu kifuani miezi miwili, mpaka nikasema mwenyewe kwenye kikao. Watu tisa walijitoa. Siwalaumu.

Sikuwa mwizi. Nilikuwa mtu mwenye hela za wenzake na za kwake kwenye mfuko mmoja, bila mtu wa pili wa kuangalia. Vikundi vingi huanguka hivyo hivyo, kwa mtu wa kawaida aliyeachiwa peke yake.

Turudi kwenye taasisi. Ukienda kuuliza usajili utaletewa majina mengi: kikundi, NGO, jumuiya, SACCOS, kampuni isiyogawana faida, wadhamini. Watu wanachanganyikiwa na kuchagua jina linalosikika kubwa. Mimi nimejifunza kuuliza swali moja tu kabla ya yote: mwisho wa mwaka hela ikibaki kwenye akaunti, ni ya nani?

Kama jibu ni "yetu, tunagawana", basi nyinyi siyo NGO hata mkijiita hivyo. Nyinyi ni kikundi cha kuweka na kukopa, kile ambacho wengi tunakiita VICOBA. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya aina hii navyo vimewekwa ndani ya sheria. Wakopeshaji wamegawanywa kwa madaraja manne, SACCOS ni daraja la tatu, na vikundi vyetu vya kijamii ni daraja la nne. Msimamizi ni Benki Kuu, lakini kwa daraja la nne kazi ya kusajili imekasimiwa kwa halmashauri. Yaani huna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma. Kwa sisi wa Ilemela unaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na makao ya manispaa yako Buswelu.

Kama jibu ni "hapana, hiyo hela ni ya watu tunaowasaidia, sisi hatuigusi", sasa hapo unaongelea NGO. Hiyo inaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na msingi wake ni kwamba wanachama hawagawani kilichobaki. Unaweza kusajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Wengi wanakimbilia taifa kwa sababu linapendeza kwenye nembo, wakati kazi yenyewe iko shule mbili za Nyakato. Anza wilaya. Watakutaka katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha wenye majina na sahihi za waanzilishi, maelezo ya viongozi, anwani na ada. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina uhai wa miaka kumi halafu unakihuisha, na kila mwaka unapeleka ripoti ya kazi na ya fedha pamoja na ada. Hiyo ripoti ndiyo inayowashinda wengi. Shirika linasajiliwa kwa furaha, miaka inapita hakuna ripoti, siku mfadhili anauliza mnaanza kutafutana.

Hayo mengine nayapitia haraka. Jumuiya, kama umoja wa watu wa asili moja au kikundi cha dini, inasajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Wadhamini wanasajiliwa RITA, na hiyo inawasaidia zaidi wenye kiwanja au jengo la pamoja, ili mali isiwe kwa jina la mtu mmoja akifa mkaanza kesi na warithi wake. Na kuna kampuni isiyo na hisa inayosajiliwa BRELA. Zamani watu walikuwa wanafanya kazi za NGO kwa vyeti vya sheria hizi nyingine, marekebisho ya 2019 yalibana hapo, wenye kazi za NGO wakatakiwa waje kwenye sheria ya NGO. Kwa hiyo mtu akikwambia "pitia mlango wa nyuma ni rahisi", anakupa habari za zamani.

Kitu kingine, kutogawana faida hakukutoi kwenye vitabu vya TRA. Shirika linatakiwa liwe na namba ya mlipakodi, na msamaha wa shirika la hisani hauji wenyewe kwa sababu jina lenu lina neno la huruma. Unaombwa kwa Kamishna.

Sisi tuliobaki 14 tulijiuliza swali lile tukagundua tuna majibu mawili. Kuna hela tunataka kugawana na kuna hela ya wagonjwa na misiba. Tukawa kikundi cha daraja la nne chenye mifuko miwili: hisa, ambazo ni za mwanachama, na mfuko wa jamii ambao haugawanywi. Wala hatukubuni sisi. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini wakishirikiana na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na hela inahesabiwa mbele ya wote. Nilivyosikia mara ya kwanza nilicheka, nikasema dunia ya simu hii mtu anahangaika na kufuli. Baadae nikaelewa. Zile kufuli siyo za kuzuia mwizi wa nje. Zinahakikisha kwamba hakuna siku mtu mmoja atabaki peke yake na hela usiku, kama nilivyobaki mimi.

Sasa ngoja niwaambie habari ya hapa hapa Mwanza, maana watu wanadhani mambo ya vikundi yaliletwa na wafadhili.

Miaka ya 1940 wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza walikuwa na chama chao cha ushirika. Mwaka 1947 kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu, Paul Bomani, akaingia kukifanyia kazi. Kijana wa umri wetu, sawa? Wakati ule wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na malalamiko moja kubwa: mizani. Unapeleka pamba, mnunuzi anapima yeye, anasoma yeye, anakulipa anavyotaka. Wakulima wakaanza kuweka mtu wao wa kusimama pembeni ya mizani na kuangalia. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuangalia kilo. Kutoka hapo vyama vikazaliwa kijiji kwa kijiji, Bomani akizunguka kuviunganisha, na mwaka 1955 vikawa na muungano mmoja, Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya ukanda huu ilikuwa inapita mikononi mwa vyama hivyo, na huo muungano ukahesabika kati ya vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika. Bomani baadae akawa Waziri wa Fedha.

Naipenda habari hii kwa sababu hawakuanza na jina wala nembo. Walianza na tatizo moja ambalo kila mwanachama analiona kwa macho. Lakini habari ina upande wa pili. Vyama vilikua haraka kuliko watu wanaojua kuandika vitabu vya hesabu. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima, ikakuta usimamizi mbovu na watendaji wasio na mafunzo, na mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Mwanachama wa chini alikuwa ameshaacha kuona mizani kitambo.

Basi, kwenu nyinyi mnaotaka kuanza, mizani yenu ni ipi? Sisi ilikuwa mizigo kupotea njiani na wagonjwa kukosa hela ya haraka. Kama hamwezi kuitaja kwa sentensi moja ambayo dada muuza madera ataielewa bila maelezo, msiandike katiba bado.

Kuhusu katiba, tafadhali msinunue. Kuna watu wanauza katiba za mtandaoni, unabadilisha jina la kikundi tu. Tulinunua moja, tukakuta ndani yake kuna "kamati ya ufugaji wa nyuki." Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ana mfano, ataupitia na nyinyi bure, ndiyo kazi yake. Nendeni na barua ya mtendaji wa mtaa na muhtasari wa kikao chenu. Halafu mkae wenyewe mgombane juu ya vipengele vigumu sasa hivi mkiwa mnapendana: mtu akijitoa anapata nini na baada ya muda gani, kiongozi anakaa miaka mingapi, mwanachama akifariki hisa zake anapewa nani, nani anaweza kuidhinisha hela bila kikao na mwisho kiasi gani. Sisi kipengele cha kujitoa kilituchukua vikao vitatu. Wale tisa walikuwa wameshatufundisha.

Kwenye hela kanuni yetu ni fupi. Hakuna hela ya kikundi kwenye simu ya mtu. Haijalishi ni mwaminifu kiasi gani, na mimi wa kwanza msiniamini. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, au tumieni huduma za vikundi za kwenye simu. M-Koba kwa mfano ilianza 2019 kwa ajili ya vikundi kama hivi, fedha inatoka kwa idhini ya viongozi na siyo ya mtu mmoja, na wanachama wanaona kinachoendelea. Sanduku bado tunalo, la hela ndogo ya mfuko wa jamii, kwa sababu mama mmoja muuza dagaa hataki kusikia habari za simu, na ana haki yake. Daftari linasomwa kwa sauti mwanzo wa kila kikao. Inachosha. Inachukua dakika kumi na tano za watu wenye haraka. Tumekataa kuiondoa.

Sasa mahali pa kupata nguvu kutoka nje, ambako ndiko meseji zenu nyingi zinauliza.

La kwanza ni mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ukarudi 2024 na utaratibu mkali zaidi. Kwa hiyo msitegemee kwenda na majina kumi ya kukopeshana vitambulisho, watakuja kuangalia kama kazi ipo kweli. Masharti ya idadi na umri yamebadilika zaidi ya mara moja, yachukueni kwa afisa wa kata siku mnayoomba, siyo kwenye posti ya mwaka juzi, hata kama ni ya kwangu. Na mkumbuke ni mkopo. Nimeona kikundi kinaununulia sare na kufanya uzinduzi.

La pili ni ruzuku, na hizi ni za wenye usajili na vitabu safi. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanatangaza, mnaandika andiko, mnashindanishwa. Women Fund Tanzania wanaangalia vikundi na mashirika ya wanawake. Lakini nawaambia ukweli, kikundi cha miezi mitano kisicho na muhtasari hata mmoja hakina cha kuwapelekea. Wekeni kwanza mwaka mmoja wa daftari.

La tatu halitajwi sana, nalo ni waliotangulia. Mwanza hapa kuna Kivulini, shirika la haki za wanawake lililoanza 1999, na jina lake lenyewe linakwambia mazungumzo yanaanzia wapi, chini ya kivuli. Kuna EMEDO wanaofanya kazi na jamii za wavuvi na wanawake wa kazi za samaki kandokando ya ziwa. Wamachinga wana umoja wao, SHIUMA. Sisemi mwende kuomba hela. Nendeni muulize walifanyaje mwaka wa kwanza, muombe kuona daftari la mahudhurio lilivyochorwa. Mtu aliyepita njia anapenda kuulizwa.

Na utapeli upo. Mtu anawaingia kwenye grupu anajitambulisha kama "mratibu wa wafadhili", anasema kuna milioni kadhaa za Ulaya zinasubiri vikundi vya Kanda ya Ziwa, lipeni elfu hamsini ya fomu. Wafadhili wa kweli hawauzi fomu. Mwingine anataka nakala za vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote. Msitume.

Hapo hapo niongeze jambo linalotuhusu sisi wa mtandaoni kuliko wengine, maana sisi tumezoea kuposti kila kitu. Mkimsaidia mtu, msiweke picha yake akiwa kitandani na mrija puani ili michango iingie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na habari za afya ya mtu zimelindwa zaidi. Lakini hata bila sheria: yule mama mwenzetu aliniambia kilichomuuma siyo ile hela kuchelewa usiku ule, kwa sababu hiyo hakuijua. Kilichomuuma ni kwamba mteja wake wa Bunda alimwandikia, "Pole, nimeona mwanao kwenye stetasi ya fulani." Fulani ni mimi. Niliposti kwa nia njema. Sasa hivi mtu akiomba mchango tunaandika kiasi, sababu kwa ufupi, na akaunti ya kikundi. Picha haipandi bila ruhusa yake, na wengi hawatoi.

Kuhusu SACCOS sijaandika sana kwa sababu hatujafika huko. Wanachama wanataka, mimi bado naona sisi ni wadogo, tunabishana.

Kikao chetu kingine ni Jumapili saa kumi jioni, nyuma ya fremu ya kaka wa simu. Ajenda ni moja: dada wa vipodozi anahamia Geita, na ufunguo wa pili uko kwake. Jina langu limependekezwa kuushika. Nimewaambia wapige kura za siri.